Mnandi, Bunduki na Wavu: Hotuba kwa Wafugaji wa Samaki, Mafinga

Kamwene. Ndugu mwenyekiti, maafisa uvuvi na maafisa wanyamapori mliopo, wafugaji wa Mufindi, Njombe na Makete, na ninyi mliotoka mbali, Rungwe na Mbarali.

Swali lililoletwa mezani ni fupi: mnandi wamezidi, tuwapige? Jibu nalo halihitaji kuzungushwa. Kupiga kuna nafasi yake, lakini nafasi hiyo ipo mwisho wa foleni. Hatusemi hivyo kwa kuwaonea huruma ndege. Ni hesabu ndiyo inayosema hivyo.

Kwanza tujue tunamsema nani. Ndege mweusi anayewasumbua wengi hapa juu ni mnandi mkia-mrefu, mdogo, mwenye jicho jekundu na mdomo wa manjano wenye ndoano nchani, na uzito wa nusu kilo au zaidi kidogo. Yule mkubwa mwenye kifua cheupe ni wa maji mapana, Mtera na Ziwa Nyasa. Kwenye bwawa la mita 20 haji mara kwa mara. Mbizi anafanana nao kwa mbali, ila shingo yake ni ya nyoka na mdomo ni mkuki ulionyooka, hauna ndoano. Kisha kuna korongo wa kijivu, yangeyange na mdiria. Kila mmoja ana namna yake ya kuvua, kwa hiyo kinachomzuia mmoja humchekesha mwingine.

Sasa hesabu. Mnandi mdogo hula kwa siku karibu sehemu moja ya sita au ya saba ya uzito wake. Tuweke gramu 80. Chukueni bwawa la mita 20 kwa 15, lililopandikizwa vifaranga watatu kwa kila mita ya mraba, jumla 900, kila mmoja gramu 5. Mnandi mmoja anahitaji vifaranga 16 kwa siku. Wakija wanne ni 64. Wiki mbili baadaye mnalisha pumba maji matupu. Lakini pandikizeni samaki wa gramu 40 kwenye bwawa lile lile: kila mnandi anashiba kwa wawili, na wote wanne wamechukua wanane. Samaki akipita gramu 100, na ule upana wa mgongo wa perege pamoja na miiba ya pezi lake, mnandi mdogo hana koo la kumpitisha. Ndege ni wale wale, hamu ni ile ile, ila hasara imeshuka mara nane kwa sababu ya ukubwa wa samaki peke yake.

Hapo ndipo baridi yetu inapoingia. Perege hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi joto 25 na 30. Yakishuka chini ya 20 anakula kidogo na kukua kwa kusuasua. Mfugaji wa Kyela, kule chini kwenye joto, huvuka ule umri wa hatari mapema. Wa Makete anakaa nao miezi. Mnandi wa Makete si mlafi kuliko wa Kyela. Amepewa muda mrefu zaidi mezani, basi. Kwa hiyo kila shilingi ya kwanza ya kupambana na ndege itumike kufupisha au kufunika kipindi hicho, na hilo tutalirudia.

Kabla ya kumhukumu ndege, hakikisheni ndiye. Bwawa hupoteza samaki kwa fisi maji, kenge, kambale waliojipenyeza kwenye bomba la kuingizia maji, mkono wa jirani usiku, na hesabu mbovu ya vifaranga siku ile ya kununua. Wafugaji wengi hawakuhesabu. Walipokea mfuko na kuamini. Alama zinasema mengi. Samaki aliyeponyoka mnandi ana mikwaruzo ubavuni na tundu moja la ile ndoano, mara nyingi upande mmoja. Aliyeponyoka korongo ana jeraha la kuchomwa, mgongoni, na siku chache baadaye linaota utando mweupe kama pamba. Fisi maji huacha vichwa na magamba ukingoni. Ndege wetu hawa hawaachi kitu, humeza mzima akianzia kichwani. Nendeni pia chini ya mti wanaolala. Mnandi hutapika vidonge vyenye mifupa ya alichokula. Vunjeni kidonge kwenye sahani ya maji: mkikuta mifupa ya vyura na visamaki vya mtoni, kesi imebadilika.

Kuna jambo jingine linaloonekana alfajiri, saa kumi na moja hadi saa mbili. Bwawa lenye kijani kizito kupita kiasi huishiwa hewa usiku. Samaki wanapanda juu, midomo nje, wanahema, hawana nguvu ya kukimbia. Ndege wanaona karamu. Mfugaji anafika, anakuta korongo watatu na yangeyange kumi, na wengi wa samaki wamekwisha. Atasema ndege wamemaliza bwawa. Ndege wamekuja mazishini. Kilichoua ni samadi iliyozidi.

Sasa bunduki. Wenzetu wa Marekani wamelipitia jambo hili kwa gharama kubwa, na kosa lao tunaweza kulisoma bure. Minandi wao walipungua vibaya wakati wa DDT, dawa ya kuua wadudu iliyofanya maganda ya mayai kuwa membamba hadi yakavunjika chini ya mama. Mwaka 1972 dawa ilipigwa marufuku na ndege hao wakapewa ulinzi wa sheria. Wakaongezeka, wakakuta mabwawa ya kambale ya kusini yamejaa. Mwaka 1998 wafugaji wa majimbo 13 waliruhusiwa kuwapiga kwenye mabwawa yao. Mwaka 2003 ikaja amri nyingine, ya majimbo 24, kwa ajili ya samaki wa umma. Mwaka 2016 mahakama ikazifuta zote mbili, kwa sababu serikali haikuwa imepima vya kutosha athari wala njia mbadala. Mwishoni mwa 2020 ukatoka utaratibu mpya wa vibali wenye kikomo cha ndege 121,504 kwa mwaka. Angalieni hiyo namba: haikuandikwa "wengi" wala "kiasi". Imehesabiwa hadi wa mwisho.

Mfano wa kukaa nao ni kisiwa cha East Sand, kwenye mdomo wa Mto Columbia. Palikuwa na jozi kama 14,000 za minandi wakila samoni wachanga wanaoshuka baharini. Kuanzia 2015 wahandisi wa jeshi wakaanza kuwapiga risasi na kupaka mayai mafuta, lengo likiwa kubaki na jozi 5,600. Mei 2016 kundi zima likakiacha kisiwa, mayai na yote. Ushindi? Maelfu wakahamia daraja la Astoria-Megler, juu zaidi mtoni. Pale kisiwani, karibu na bahari, mnandi alikuwa akichanganya samoni na samaki wengi wa baharini. Kwenye daraja samaki hao wa baharini ni wachache, basi kila ndege akala samoni wengi kuliko zamani. Na kinyesi chao kikaanza kula rangi ya chuma cha daraja. Waliondoa ndege mahali alipokuwa na hasara ndogo wakampeleka alipo na hasara kubwa.

Kwetu funzo hilo lina sura hii. Mnandi wa Mufindi si wa Mufindi. Anatoka Usangu, Mtera, au popote maji yalipo, anafuata chakula. Ukimpiga mmoja bwawani kwako, nafasi yake ipo wazi na chakula bado kinaelea. Wiki ijayo anaijaza mwingine. Ili kupunguza idadi yao kweli ingebidi kuua kwa mfululizo, mwaka hadi mwaka, kwenye mazalia yao yote, na mazalia hayo mengine yapo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyochukua eneo la Usangu mwaka 2008. Hakuna mfugaji mwenye risasi za kazi hiyo. Tena, minandi kumi bwawani kwako ni wengi kwako. Hiyo haifanyi wawe wengi kupita kiasi nchini.

Wapo watakaosema: mbona kwelea kwelea wa Mbarali hupuliziwa dawa na ndege ya serikali? Kwelea kwelea hulala kwa mamia ya maelfu kichakani, nchi kavu, na dawa hupuliziwa pale walipolala, na wataalamu wenye mavazi yao. Hata hivyo hufa pia mwewe na tai walioshibia mizoga. Mnandi hulala juu ya maji. Dawa yoyote ya kumwangusha itaangukia kwenye maji mnayokunywa na samaki mnayemuuza. Na wale wanaopaka sumu ya punje kwenye dagaa na kuitega ukingoni, waache leo. Kule Bunyala, magharibi mwa Kenya, ndege walitegwa kwa kabofurani, dawa ya kuua wadudu, kwenye mashamba ya mpunga na nyama yao ikauzwa kwa watu. Dawa ile haichagui mlaji.

Turudi kwenye ule umri wa hatari. Njia yenye faida kuliko zote ni kitalu. Bwawa dogo la mita 6 kwa 5 linatosha kulelea vifaranga 900, yaani 30 kwa mita ya mraba, hadi wafike gramu 30 au 40. Bwawa la mita za mraba 30 linafunikika. La 300 linaumiza mfuko. Asiye na nafasi atumie kinachoitwa "hapa", yaani kile kizimba cha neti kinachoning'inizwa ndani ya bwawa kubwa, chenye mfuniko ulioshonwa. Kizimba hicho husafishwa kila wiki kwa brashi laini, kwa sababu matundu yakizibwa na mwani maji hayapiti, na asubuhi mnakuta samaki wamekufa kifuani mwa neti iliyo nzima kabisa.

Anayetaka kufunika bwawa zima asikilize vipimo. Kwa bwawa la 20 kwa 15, nguzo zisimame mita moja nje ya maji, hivyo umbo ni mita 22 kwa 17. Nguzo 14 za mlingoti uliotiwa dawa, urefu wa mita 2.8, sentimita 70 zikiwa ardhini. Mlingoti mbichi huoza shingoni, pale udongo unapokutana na hewa, na wavu wote unalala siku moja. Nguzo za pembeni ziwe na mihimili ya kuegemea. Waya laini wa mabati, usio na miiba, upite kutoka nguzo hadi nguzo pande zote mbili: mistari mitano ya mita 17 na minne ya mita 22, jumla mita 173, nunueni 190 kwa ajili ya mafundo. Ndipo wavu utandikwe juu na kushuka pande zote mpaka chini, na sentimita 30 zilale ardhini zikikandamizwa kwa mawe. Mnandi akishindwa juu hutua shambani na kuingia kwa miguu, kama mteja mwingine yeyote.

Wavu unaohitajika ni mita 27 kwa 22 baada ya kufunguka. Wengi hukosea hapa. Dukani wavu hupimwa ukiwa umevutwa. Ukiufungua macho yakawa mraba, unapoteza karibu asilimia 30 kila upande. Kwa hiyo mita 27 za kufunika zinadai mita 38 za dukani, na mita 22 zinadai 31. Asiyejua hurudi nyumbani na wavu unaofika nusu ya ukingo.

Jicho la inchi 4 linazuia mnandi, mbizi, korongo na yangeyange. Mdiria anadai inchi 2. Hapo kuna mtihani wa kwetu peke yetu: mvua ya mawe. Jicho la inchi 2 huibeba barafu mpaka nguzo zivunjike. Ushauri wetu ni inchi 2 kwenye kitalu tu, na inchi 4 kwenye bwawa kubwa; mdiria mwacheni, hula wadogo wachache. Na upande mmoja wa wavu ufungwe kwa uzi dhaifu makusudi, ukatike wavu uangushe mzigo kabla nguzo hazijavunjika. Tumieni nailoni ya nyuzi zilizosokotwa. Ile ya uzi mmoja unaong'aa, timba, ndege haioni, ananasa mguu na kuning'inia. Nayo timba ni zana haramu ya uvuvi, kwa hiyo kuwa nayo tu kuna maswali. Wavu uwe umekaza kama ngozi ya ngoma. Ukilegea ukagusa maji, korongo anasimama juu yake na kudonoa kupitia tundu.

Kwa asiyemudu wavu, kamba. Nyuzi nyeupe zilizotandazwa sambamba kila sentimita 30 juu ya maji humzuia mnandi kutua kwa sababu anahitaji kuteleza juu ya maji kabla ya kukaa. Mdiria hazimhusu kitu. Korongo naye hatui majini. Hutua ukingoni na kutembea. Kwake nyuzi mbili zinatosha, moja sentimita 20 kutoka ardhini na nyingine 35, zikizunguka bwawa zima. Zinamgonga magoti na kifua, hapendi. Kina cha ukingoni pia ni kinga: maji yakianza na sentimita 60 hana pa kusimama. Ila msichimbe ukuta wima kwenye udongo wa kichanga mkalaumu mkutano huu mvua za masika zikibomoa tuta.

Rangi ya maji. Mabwawa yetu mengi yanalishwa na chemchemi, maji safi kama ya chupa, na mnandi huwinda kwa macho. Rutubisheni mpaka kisahani cheupe kwenye fimbo kipotee kikifika sentimita 25 hadi 30. Kikipotea kabla ya 20, acheni samadi, mmeshaingia kwenye ile hatari ya alfajiri. Chakula kitolewe maji yakishapata jua, kati ya saa nne na saa tisa. Kwenye baridi samaki hali asubuhi sana hata hivyo, na kumwita juu mapema ni kumwandalia korongo.

Maficho nayo husaidia. Fungeni mianzi mikavu matita matita, mzamishe kwa mawe, kila tita na nafasi za upana wa vidole vitatu ndani yake. Waingereza wamejaribu vizimba vya namna hiyo dhidi ya mnandi na samaki wakajifunza kukimbilia humo. Shida yake ni siku ya kuvuna: yatoeni kwanza, au kokoro litanasa na kupasuka. Na nyasi za ukingoni zisiachwe ziwe ndizo maficho, kwa sababu zinafuga konokono. Konokono, samaki na ndege hubadilishana minyoo; yale mafunza ya njano mnayoyakuta kwenye nyama ya perege yanapitia njia hiyo, na mteja akiyaona harudi.

Kufukuza kunafaa kwa siku chache za hatari, hasa wiki ya kupandikiza. Sanamu lisilohamishwa kwa siku tatu linakuwa kituo cha kuanikia mbawa. Mbwa anayezunguka na mtu anayetembea kwa saa zisizotabirika wanazidi mizinga ya gesi, ile inayolipuka kutisha ndege. Kwenye jimbo la Mississippi wafugaji wa kambale hufukuza minandi kwenye miti wanayolala, kwa pamoja, jioni mfululizo, ili wahamie mbali na mabwawa. Neno zito hapo ni "kwa pamoja": mkifukuza watatu kati ya kumi na wawili mnamkaribisha kwa jirani. Na msifanye wakiwa na makinda kwenye viota. Ng'oeni pia visiki na miti mikavu ndani ya mita 30 za maji. Manyoya ya mnandi kwa umbile lake hulowa maji, lazima atafute pa kujianika.

Kupaka mayai mafuta ya mahindi ni mbadala wa risasi unaofanya kazi pale viota vinapofikika. Mafuta huziba vinyweleo vya ganda, kiinitete kinakosa hewa, na mama anaendelea kuatamia asijue. Ukiyachukua mayai, anataga mengine. Lakini mnandi mkubwa huanza kuzaa akiwa na miaka mitatu hivi na huishi mingi, kwa hiyo matokeo yanaonekana baada ya miaka kadhaa. Mnandi mdogo wa kwetu hutaga mitini na kwenye matete juu ya maji. Kufika huko ni mtumbwi, ngazi na kibali.

Kibali. Ndege hawa ni wanyamapori chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumpiga bila ruhusa ni kosa. Anzeni kwa afisa wanyamapori wa wilaya, na msiende mikono mitupu. Pelekeni daftari lenye idadi ya samaki mliopandikiza na uzito wao, idadi ya ndege kwa siku, saa wanazofika, aina yao, samaki wenye majeraha, na kinga mlizokwisha kujaribu. Ombi lenye hayo linajibika; lenye "ndege wametumaliza" linabaki kwenye faili.

Kibali kikitoka, pigeni wachache, pale bwawani, wengine wakiona, sambamba na kelele. Hapo kelele inapata maana na kazi ya kufukuza inarefuka. Tumieni marisau ya chuma badala ya yale ya madini ya risasi, kwa sababu yanayozama bwawani bata huyaokota kama changarawe. Asiyeweza kumtofautisha mbizi na mnandi akiwa anaruka asishike bunduki. Mizoga ihesabiwe, iandikwe, ifukiwe mbali na maji. Na mkimkuta ndege mwenye pete mguuni, someni namba yake na mmwandikie afisa kabla hamjamfukia.